Mchana Redio Iliponyamaza Ilemela

Mchana mmoja wa mwaka 1998, mkunga wa kisiwani alikuwa akimweleza Ngosha kwa redio kwamba Winnie, binti wa Ngosha, anavuja damu, sauti ikapotea. Ngosha, opereta wa redio wa kiwanda kipya cha samaki Ilemela, alipanda jabali akakaza waya wa antena. Wapi, kimya.

"Antena haina kosa, mjomba," alisema mpwa wake Odeta, aliyesomea fizikia. "Huenda jua limelipuka. Mionzi yake ya urujuanimno ikivuruga anga, mawimbi ya redio hayafiki. Kuna vyombo huko juu vinaipima."

"Vikishapima?"

"Wanasayansi wanajua."

"Mimi sijui kama wanamleta au boti imfuate. Tukipishana ziwani je?"

Kanuni ilikuwa kuita kituo cha kisiwani kwa namba, lakini Ngosha alirudi redioni, akabonyeza kitufe akaita, "Winnie, Winnie."