Kinyama cha Mama Mdogo

Niliondoka Tukuyu kwa sababu ya kinyama kisichozidi punje ya haragwe. Kilitolewa kwenye mlango wa kizazi cha mama mdogo Tumpe, aliyenilea kijijini Lupepo, kikatiwa kwenye kichupa chenye dawa ya kukihifadhi. Upasuaji ulikuwa umeshapangwa, ila daktari aliutilia shaka ule uvimbe.

"Saratani ya hapo nimeiona nyingi," alisema. "Hii sura yake siijui, na sikati nisichokijua. Nani atakipeleka Dar es Salaam kipimwe?"

Mama mdogo alinionyesha kwa kidevu. "Si huyu Tairi? Shule aliiacha kwa kutazama magari. Sasa ayapande!"

Mbeya, nilipanda garimoshi. Muuza mitumba tuliyekaa naye aliona nimekumbatia kichupa. "Dawa ya mapenzi hiyo?"

"Ni mama mdogo."

Akahamia behewa lingine.

Dar es Salaam, nilifikia kwa shemeji Sekela, mke wa kaka yangu. Kwetu mgeni haji mikono mitupu, hivyo nilipokuwa naoga alipekua mkoba kutafuta zawadi za nyumbani. Nilitoka, kichupa hakipo.

"Ndizi ziko jikoni," alisema. "Kile kinyama nimekitia kwenye friza."

Tangu serikali ifungulie bidhaa za nje alikuwa na friji kutoka Dubai, na hata chumvi aliilaza humo.

"Shemeji, kile ni mama mdogo!"

"Mama mdogo yupi?"

"Tumpe, wa Lupepo!"

Alipiga ukelele, mwiko ukamtoka mkononi. Niliifungua friza. Kingeganda, kingeharibika. Bahati, dawa ilikuwa bado maji.

Maabarani, majibu yalipotoka, daktari wa kike aliniketisha. "Ni aina adimu. Chembe zake ndogo sana, na hazitulii. Husafiri mwilini mapema. Mkikata tu, mtabomoa nyumba, kumbe mwenyewe keshaondoka. Aje huku, aanze dawa kwanza."

Lupepo, nilimkuta mama mdogo akimenya ndizi.

"Ya aina gani?"

"Ya kutangatanga."

"Kama wewe!" Akacheka hadi kisu kikamponyoka. Kisha akakiokota. "Imeshafika wapi?"

"Bado hawajui. Wanakutaka Dar es Salaam, uanze dawa."

Miaka yote nilidhani barabara ni rafiki wa kila anayeipenda. Siku ile niliiogopa.

Mama mdogo alianua kanga yake kwenye kamba, akajifunga.

"Ndaga, asante, mwanangu. Twende, tuiwahi."