Faili la Marehemu Linatumika

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo cha Mitambo alinipeleka kwenye chumba chenye baridi, akanionyesha seva, ile kompyuta kubwa inayotunza kazi za ofisi nzima. Akaniambia, "Binti, usije ukaniambia umehifadhi. Uniambie umerudisha." Nilimwona mzee wa majivuno. Baadaye nikaelewa. Kuchukua bakapu, yaani nakala ya pembeni ya mafaili yote, kila mtu anaweza. Kazi ni kuirudisha nakala ile na kuona kama inafunguka. Wengi wenu mkiona alama ya kijani tu, mnakwenda zenu kunywa chai.

Nilianzia Dar, nikahamishiwa Kibaha, mwisho nikaletwa Bagamoyo, ofisi moja ya upimaji wa ardhi, nikakaa hapo mpaka nikastaafu. Hitilafu za bakapu nimezijua zote. Kuna faili lenye jina refu kupita kiasi, programu inalikataa. Kuna diski iliyochoka, unaisikia ikigonga ndani. Na kuna ile ya kila siku: faili linatumika, mtu kalifungua hakulifunga, basi programu inaliruka na kuendelea na mengine. Dawa yake ni kumtafuta mwenyewe na kumwambia afunge. Mara moja tu nilimtafuta mwenyewe na nikajua yuko kaburini.

Alikuwa Mpimaji Mkuu wetu, mtu wa maneno machache, aliyeoa Mkange. Kazi yake ya mwisho ilikuwa ramani ya makaburi ya huko. Kampuni moja ilikuwa imeomba eneo lile ichimbe kokoto, na ramani ya zamani ilionyesha kichaka kitupu. Baraza la ardhi lilikuwa karibu kukaa. Bila ramani mpya, matingatinga yangepita juu ya wafu wa watu. Alikwenda akapima kaburi moja moja, akaanza kuchora, na asubuhi moja akijiandaa kuja kazini moyo ukasimama. Ndugu wakamzika hukohuko Mkange, pembeni mwa makaburi yale. Nami nilikwenda mazikoni, nikatazama kwa mbali na wanawake wenzangu.

Tuliporudi, bakapu ikaleta taarifa: ramani ya Mkange imerukwa, faili linatumika. Anayelitumia, yeye. Kesho yake hivyohivyo, na muda wa mabadiliko ya mwisho ulikuwa adhuhuri ya siku ileile. Nywele zilinisisimka. Tangu alipolianza faili lile hakuwahi kulifunga, kwa hiyo hatukuwa na nakala yake hata moja, na diski ya seva ilikuwa imeanza kugonga. Ikifa, ramani imekwenda na makaburi yamekwenda.

Ofisi ikajaa minong'ono. Dereva akakataa kupita kwenye ujia wa chumba cha marehemu. Mimi si mtu wa kuogopa mashine, nikatazama seva nikaona muunganisho unatoka chumbani kwa marehemu, chumba kilichofungwa tangu msiba. Nikaenda wenzangu walipokuwa kwenye swala. Nikatega sikio mlangoni. Ndani feni ya kompyuta inazunguka, na harufu ya udi inatoka chini ya mlango. Siwafichi, nilirudi nyuma, nikaenda kutafuta ufunguo.

Ufunguo alikuwa nao Katibu Muhtasi, Bi Mwanaidi, na hakunizungusha. Kila asubuhi huingia, hufukiza udi, hupangusa kiti, hutoka. Kompyuta ameiacha ikiwaka kama marehemu alivyoiacha.

"Kazi ya marehemu haifungwi na mkono wa mtu kabla ya arobaini," akasema. "Kwetu hata jembe lake haliguswi."

Nilicheka kwa hasira, ila nilipumua. Programu ya ramani hujihifadhi yenyewe kila baada ya muda, ndiyo maana saa zilibadilika. Lakini kumkata kwa nguvu kutoka kwenye seva nisingethubutu, faili lingeweza kubaki nusu, limeharibika. Ilibidi mtu akae pale kitini alifunge kwa adabu. Bi Mwanaidi akasema ufunguo hautoi mpaka mjane aridhie. Mjane yuko eda, wanaume wa ofisi hawaendi kumwona. Nikafunga safari mimi.

Nilimkuta amejitanda nguo nyeupe. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikamweleza yote, na diski inayogonga. Alinisikiliza bila kunitazama.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Ukimkuta amekaa, mwambie nimeridhia."

Basi nilipiga hodi kwenye chumba kitupu, mimi na akili zangu timamu. Nikatoa salamu. Nikasema mkeo ameridhia. Nikakaa, nikahifadhi, nikafunga. Bakapu ya alasiri ile ikapita bila hitilafu. Siku chache baadaye diski ikafa.

Nikairudisha nakala kwenye mashine nyingine, kama nilivyofundishwa, na ramani ikafunguka. Makaburi yote yapo, vipimo vyake vyote. Na pembeni kabisa, karibu na mkwaju, kuna kaburi moja ambalo mpaka umepinda makusudi kulizunguka. Nilikaa nikilitazama. Pale ndipo alipozikwa yeye. Palikuwa ardhi tupu yenye mizizi, na vijana walitoka jasho kuichimba, yeye akisubiri kwenye jeneza.

Nilimuuliza Bi Mwanaidi, akaapa kwamba hajagusa kitu zaidi ya chetezo na kitambaa, na mstari hajui hata unachorwaje. Programu hujihifadhi. Haichori. Nilifikiri kulifuta lile kaburi, nikaona nikilifuta yeye anabaki nje ya mpaka, kwenye kokoto. Nikaikabidhi ramani ilivyo. Baraza likaenda kukagua, kila kaburi likalingana na ardhi, na la mwisho. Kampuni ikanyimwa eneo.

Nilirudi kwa mjane kumpa habari, nikamweleza na lile la mwisho, nikidhani atashtuka.

"Hakupenda kuacha kazi nusu," akasema, akaniuliza kama nimekula.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Fukayosi na mihogo yangu. Vijana wananipigia simu kuuliza faili linatumika, wafanyeje. Nawaambia kwanza mtafuteni mwenyewe, mpigeni hodi. Na mkisharudisha nakala, msitazame kama imefunguka tu. Tazameni na kilichoongezeka.