Poti Kwanza, Diski Baadaye

Saa nne asubuhi, foleni ya eksirei imefika hadi mlangoni. Hatua kumi kutoka hapo, ndani ya chumba chenye baridi ya kiyoyozi, fundi wa kompyuta wa hospitali amepiga magoti nyuma ya kabati la seva, tochi mdomoni. Diski nne mpya bado ziko kwenye maboksi yake.

Nafasi ya kuhifadhi picha za wagonjwa itajaa pomoni kesho jioni. Kuizima seva hakuwezekani, kwani muda huu huu daktari yuko kwenye upasuaji akizitazama picha hizo.

"Wagonjwa hawanisubiri mimi nikaze skrubu," anasema, akitoa tochi mdomoni. "Naongeza huku inafanya kazi."

Wauguzi humwita Taratibu. Jina hilo alilipata miaka tisa iliyopita, wiki ya tatu kazini, baada ya kuchomeka diski kwenye poti, tundu la kuunganishia, ambayo hakuitayarisha. Kidhibiti, ile kadi inayoziongoza diski zote, kikachanganyikiwa. Mfumo ukaganda dakika arobaini, na wauguzi wakawa wanapanda na kushuka ngazi na mafaili kwapani.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anakumbuka, akicheka. "Muuguzi mkuu alipoingia, nikajua kibarua kimeota nyasi. Akaniambia tu, 'Binti, siku nyingine taratibu.'"

Leo anaanza kwa kukiuliza kidhibiti, kupitia kompyuta yake ya mkononi, ni poti zipi ziko wazi. Daftari la fundi aliyemtangulia linataja nne, ya tano hadi ya nane. Skrini inaonyesha tatu; ya saba haimo.

Anakunja uso. Anaiamuru poti ya saba iwashe taa yake, na taa inamemeteka kando ya kebo iliyofunikwa na vumbi. Anaifuata kwa kidole mpaka chini kabisa ya kabati, kwenye kisanduku cha diski ambacho hakijaandikwa popote. Ndani yake mna picha zote za wodi ya watoto wachanga.

"Mungu wangu," ananong'ona. "Ningeliamini daftari, kebo hii ningeing'oa."

Anabandika karatasi nyekundu kwenye poti ya saba. Zile tatu anaziruhusu kupokea diski moja moja, kila mara akisubiri kidhibiti kiitikie, ndipo anachomeka diski ya kwanza. Taa ya kijani.

Muuguzi mkuu anachungulia. "Picha zinaingia?"

"Zinaingia, mama."

"Mbona umenuna?"

"Sijanuna, nasikiliza."

Saa sita na robo, diski ya tatu imeitika. Ya nne inawekwa akiba. Nafasi sasa inatosha mwaka mzima, na foleni kule nje haikusimama hata mara moja.

Nyumbani, mumewe, fundi cherehani, humtania kwamba hata pasi haichomeki kabla ya kuikagua soketi. Yeye hajali. Ameshaanza kuandika daftari jipya, kila poti na kazi yake, ili fundi msaidizi anayeajiriwa mwezi ujao asibahatishe.

Akishamfundisha, atachukua likizo ya kweli, ya kwanza tangu aajiriwe, aende kwa mama yake.

"Siendi kusalimia na kurudi," anasema, akijipangusa vumbi magotini. "Nitakula, nitalala, nitapiga soga, mpaka mama mwenyewe aniulize kama huko kazini wamenifukuza."