Masikio ya Lubega

Jenereta ndiyo iliyomla Lubega masikio, asije mtu akasingizia uzee. Amani ya Sudan iliposainiwa aliacha Masaka, Uganda, akaja Juba kutengeneza AC za magari, na gereji aliyoipata mtaa wa Munuki ilikuwa imeegemea banda la jenereta. Umeme wa mji ulikuwa hadithi tu, kwa hiyo lile dude lilinguruma kutwa kucha karibu na kichwa chake. Mwaka wa nne akaanza kusikia watu kana kwamba wanaongea nyuma ya ukuta. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kumtoka.

Na kazi ya AC, jamani, ni kazi ya masikio! Inalia pale kompresa inaposhika tu? Hiyo ni beringi. Inagonga kadiri unavyoongeza feni? Kuna takataka imeingia kwenye feni, nyuma ya dashibodi. Fundi asiyesikia ana faida gani?

Lubega alikaa kimya na siri yake, akawatumia madereva. "Wewe ndiyo unaendesha, niambie inalia namna gani," alikuwa akisema kwa maringo, kama mwalimu anayewapima. Wengi waliona ni mbwembwe za fundi. Wol, dereva wa shirika moja la misaada, hakudanganyika. Wol alikulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma na alirudi na Kiswahili chake cha Kenya. Siku moja alimwita Lubega kwa nyuma, akaita tena, Lubega hakugeuka.

"Maleesh, mzee," akamshika bega, kumpa pole. "Masikio yako imeisha. Usijali, mimi nitakuwa nakusikilizia."

Tangu hapo Wol akawa masikio yake, na Lubega akampenda kama ndugu wa tumbo moja.

Kisha lile shirika likataka kuajiri fundi wake. Kazi ya kudumu, pamoja na chumba cha matofali ndani ya ua wa ofisi. Chumba! Lubega alikuwa akilala kwenye banda la mabati kule Lemon Gaba, na mkewe Daphine alikuwa ameapa kwamba halali mle hata kwa dawa. Kwa chumba kile angekuja. Alishafunga mizigo huko Masaka, anangoja neno tu.

Jepchirchir, Mkenya aliyesimamia magari ya shirika, hakuwa mtu wa maneno mengi. "Lubega, hii Land Cruiser inapiga kelele ukiwasha AC. Itengeneze, kazi ni yako."

Lubega akainamia boneti, Wol akakaa kwenye usukani na kuwasha AC.

"Inalia namna gani?"

"Inapiga mluzi. Huku mbele, kwa kompresa."

"Mluzi? Hakuna kitu inagonga kwa feni?"

"Mluzi tu, mzee."

Basi. Lubega akatoa gesi, akafungua kompresa. Beringi ilikuwa imelegea kidogo, kama beringi zote zinazokula vumbi la Juba, naye akaridhika. Akaibadilisha, akajaza gesi mpya iliyoletwa kutoka Kampala. Kazi yenyewe ilikuwa safi, mikono yake haikuwa na kosa.

Jepchirchir akaja kuikagua, akaingia garini na wafanyakazi wenzake wawili. Lubega akawasha AC, baridi ikawapiga kama wako milimani Kabale. Akamtazama Wol aliyesimama dirishani. Wol akaitikia kwa kichwa.

"Imenyamaza, madam," Lubega akasema, kifua mbele. "Kelele hakuna tena."

Tik-tik-tik-tik. Gari zima lilisikia isipokuwa yeye. Mmoja kule nyuma akaangua kicheko. Jepchirchir akaongeza feni, ile tik-tik ikakimbia, akamgeukia.

"Unanichezea, Lubega, ama husikii?"

Akiri kwamba hasikii? Fundi gani huyo atapewa chumba? "Nasikia, madam," akasema. "Imenyamaza kabisa."

Kesho yake Wol akamleta shemeji yake, Gune. Gune akachomoa kisanduku cha dashibodi upande wa abiria, akaingiza mkono penye feni, akatoa jani kavu la mwarobaini. Hata jasho halikumtoka. Akapewa kazi palepale.

Lubega akamvizia Wol getini. "Wol, mimi nilikukosea wapi?"

Wol hakukwepa macho yake. Alisogea karibu, akapaza sauti ili asikike vizuri. "Hukunikosea kitu, mzee. Gune ana watoto na hana kazi, na hapa ndio kwetu. Wewe ukikosa, utarudi Masaka. Sisi tumetoka tu juzi kambini, huko Kenya na huko kwenu. Turudi wapi tena?"

Lubega alitamani kumzaba kofi. Akaenda zake nyuma ya gereji kumpigia Daphine.

"Usije," akamwambia. "Chumba kimekwenda."

Daphine akasema kitu. Lubega akabana simu sikioni hadi likamuuma, akaihamishia sikio la pili. Sauti ilikuwa inakuja, nyembamba, ndefu, inakatika na kurudi. Hakujua kama ni kilio, au matusi, au anamwambia haidhuru, arudi tu nyumbani. Miezi yote hii alikuwa akimdanganya kwamba mtandao wa Juba ndio mbaya.

"Eeh," akajibu. "Eeh, mke wangu. Eeh."