Kukonda kwa Mume wa Mpishi

Niliona hili: Jumamosi moja mke wangu aliondoka nyumbani kwetu, mtaa wa West Indies mjini, kabla ya mapambazuko, amejifunga leso yake ya kazi, akienda kijijini Sugoi kuongoza mapishi ya mazishi. Saa nne asubuhi alikuwa amerudi. Aliketi jikoni, mikono juu ya magoti. Nyama ya mazishi haiwi tayari saa nne asubuhi. Kwa hiyo nilijua hakuipika.

Nilisikia hili: kwamba akina mama wa kanisa walimwondoa kwenye jiko kwa sababu anamnyima mumewe chakula. Jirani ndiye aliyeniambia, naye aliambiwa na dada yake, ambaye sina hakika kwamba alikuwako. Nilifanya kazi ya ukaguzi wa shule hadi nilipostaafu, na ripoti ya namna hiyo ningeirudisha kwa mwandishi wake bila kuisoma mara ya pili. Hii sikuirudisha. Niliiamini, na kuiamini kwangu kulitugharimu wiki tatu.

Mume anayesemwa ni mimi. Miezi kumi na minne kabla ya Jumamosi hiyo, nikiwa na kilo mia moja na kumi na mbili, daktari alinieleza bila kupamba kwamba nina sukari na presha, na kwamba magoti yangu yanabeba mzigo ambao hayakuumbiwa. Alinipa dawa. Akaniambia pia kwamba dawa peke yake haitoshi. Ni lazima uzito upungue, na upungue polepole, kwa mwaka mzima na zaidi. Kisha akanipeleka kwa mtaalamu wa lishe, msichana anayelingana kwa umri na mjukuu wangu wa kwanza.

"Mzee, unakula ugali kiasi gani?"

"Wa kutosha."

"Nionyeshe na mikono."

Nikamwonyesha. Aliandika kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Hakunikataza chakula chochote, alinikataza wingi wake. Nusu ya sahani iwe mboga. Ugali usizidi ngumi yangu, na maharagwe au nyama kidogo kando. Chai bila sukari. Nitembee nusu saa kila siku, na nirudi kila mwezi nipimwe. Ni maagizo ambayo mtoto wa darasa la nne angeyakariri kwa dakika moja. Kuyatenda kila siku, mvua inyeshe au jua liwake, ndiko kunakochosha.

Watu waliniletea njia fupi. Huyu alikuja na unga wa majani, yule na chai ya kuondoa tumbo. Kila mmoja nilimwuliza kama amemwona kwa macho yake mtu aliyesaidika. Kila mmoja alikuwa na shangazi katika mji mwingine. Hata hivyo, upumbavu wangu mwenyewe sikuhitaji kuletewa. Mwezi wa pili, nikitaka jambo hili liishe, niliacha chakula cha jioni kwa siku tisa huku nikiendelea kumeza dawa. Siku ya kumi nilianguka langoni, mke wangu akanivuta ndani kwa makwapa.

"Nilikuambia upungue," daktari alisema, "sikukuambia ufunge."

Tangu hapo nilifuata sahani. Ninaposema nilifuata, nasema kwamba mke wangu aliipima. Mwanamke aliyezoea kupikia watu mia tatu, anayejua kwa kutazama tu mchele utakaotosha umati, alijifunza kusonga ugali wa ngumi moja. Miezi mingine nilipungua kilo mbili, mingine nusu kilo, na mmoja sikupungua kabisa, ingawa sikukosea popote. Hakuna aliyepiga makofi. Ilikuwa sahani ileile, njia ileile, mizani ileile.

"Tumeshuka na kilo moja na nusu," msichana wa lishe angesema.

"Sisi? Wewe umeshuka wapi?"

"Mzee, tuko pamoja."

Hadi kufikia msiba ule wa Sugoi kilo kumi na tisa zilikuwa zimeondoka. Koti langu la Jumapili lilining'inia. Kwetu mtu mzima akikonda, watu hawamwulizi anafanya nini. Huuliza wenzake amepatwa na nini. Mzee mwenzangu kanisani aliushika mkono wangu kwa muda mrefu, akasema, "Mwalimu, tunakuombea." Nilidhani ni maombi ya jumla. Muuza viazi sokoni hakuzunguka: "Umekwisha hivi, mzee? Kwani nyumbani wanakulisha upepo?" Wateja wake walicheka, na mke wangu alikuwa kando yangu na kikapu.

Ndiyo maana maneno ya jirani yaliniingia upesi.

Siku ile ya kurudi saa nne nilimwuliza, "Umeambiwa nini huko?"

"Nimeambiwa nipumzike."

"Na nani?"

"Na wote. Mama, pumzika. Mama, keti hapa kivulini. Wakanitoa mwiko mkononi."

"Wametoa sababu?"

"Mzee, watu wakikuangalia vile hawatoi sababu."

Lazima nieleze kilichokuwa kimechukuliwa. Watoto wetu wako mbali. Shamba la Moiben tumemwachia kifungua mimba wetu, na huko tukienda ni wageni. Jiko lile la kanisa ndilo lililokuwa limebaki mahali pekee ambapo mke wangu bado anaitwa, anangojewa, na neno lake ndilo la mwisho. Aliliongoza zaidi ya miaka ishirini.

Jioni hiyo aliniwekea sahani ya zamani, ugali umefunika mboga.

"Hiki si kipimo," nilisema.

"Kipimo nakijua. Kula. Unenepe kidogo, niache kutazamwa."

Hakupaza sauti. Nami nilikula. Nilikula hivyo wiki tatu, kila asubuhi nikiona katika kifaa kidogo cha kupimia nyumbani jinsi sukari ya damu inavyopanda, na kila jioni sahani ikiwekwa mbele yangu na mkono ambao sikuweza kuukatalia. Alishinda Jumamosi mbili nyumbani akipanga upya vikombe ambavyo vilikuwa tayari vimepangwa. Hawakumwita.

Siku ya kliniki ilipofika, msichana wa lishe alitazama mizani mara mbili. "Tumepanda kilo mbili na nusu."

"Sisi? Wewe umepanda wapi?"

Safari hii hakucheka. "Nani amebadilisha sahani?"

Niliinama kuvaa viatu.

"Mzee, sahani iliyokushusha ndiyo itakayokushikilia. Hakuna siku utaambiwa umemaliza. Kama kuna jambo nyumbani, litengeneze huko nyumbani, lakini si kwa ugali."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa akina mama, mwenye duka la nafaka mjini. Alikuwa akimpimia mteja maharagwe. Aliponiona alinivutia kiti haraka.

"Mwalimu, karibu, keti kwanza."

"Nitasimama. Ni wewe uliyemwondoa mke wangu jikoni?"

"Ni mimi."

"Kwa sababu ananinyima chakula?"

Aliweka kopo la kupimia chini. "Nani amesema hivyo?"

Nilifungua kinywa kutaja shahidi, nikakuta sina, isipokuwa jirani aliyeambiwa na dada yake.

"Mwalimu," alisema taratibu, "sisi tulijua wewe ni mgonjwa. Ule ugonjwa wa kumaliza mtu. Tukaona Mama anaamka alfajiri kupikia watu, halafu arudi akuuguze. Tukasema hapana. Mwenye mgonjwa hapewi mwiko na haulizwi. Hiyo desturi unaijua."

Niliijua. Nilikuwa nimeiona ikitendewa wanawake wengine, na niliisifu. Mwanamke anayeuguza mtu wa kufa huondolewa kazi kimyakimya, asilazimike kutamka kwa kinywa chake linalomsubiri nyumbani.

"Mngemwuliza," nilisema.

"Tumwulize nini? Mama, mzee anaondoka lini?"

"Siondoki."

"Sasa naona."

Nikamweleza. Nilitaja sukari, presha, kliniki, ngumi ya ugali, kilo kumi na tisa zilizoondoka na mbili na nusu zilizorudi, na sababu ya kilo hizo kurudi. Mambo hayo sikuwahi kuyatoa nje ya mlango wangu, na sasa niliyasema dukani, mteja akisikiliza na mfuko wake wa maharagwe.

"Kwa hivyo hata chai hutii sukari?" mteja aliuliza.

"Sitii."

"Pole, mzee."

Mwenyekiti alikuwa akinitazama toka kola hadi viatu. "Na hizo kilo zote ni Mama amezitoa?"

"Ni yeye na daktari. Mimi kidogo."

"Basi atatufundisha. Hata mimi goti haliniachi nilale."

Nyumbani nilimweleza mke wangu niliyoyasikia, safari hii kutoka kwa aliyeyatenda. Maji ya ugali yalikuwa yakichemka.

"Walidhani unakufa," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi nikakulisha mpaka ukaribie kweli."

"Nilikula mwenyewe."

Akapunguza maji kwenye sufuria, akamimina unga kidogo. Hatukulizungumza tena.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi Moiben. Ijumaa jioni alipigiwa simu, nilimsikia akisema, "Mchele huo hautoshi." Aliondoka kabla ya kucha. Jinsi alivyopokelewa, nani alimkabidhi mwiko na nani aliomba radhi, jirani amekwisha kunisimulia kwa kirefu, nami sitaandika, kwa kuwa sikuwako. Nilikuwako jioni, aliporudi akinuka moshi na vitunguu, punje za wali zimeganda kwenye mkono wa blauzi. Alivua kiatu kimoja, akalala kitini kabla ya kuvua cha pili.