Dereva na Marafiki wa Kwenye Simu

Dereva wa lori hatulii, utadhani kakalia siafu. Kila akisimama kujaza mafuta, anapanda juu ya tairi kutafuta mtandao, anafuta kioo cha simu pajani, kisha anawarushia marafiki wa nyumbani ujumbe wa sauti: "Wazee, msinisahau huku!" Wasipojibu upesi, anazikodolea macho zile tiki za bluu mpaka chai inapoa. Juzi karudi. Kakaa nao benchi moja, mguu unatikisika, maneno hayaji. Mara huyoo, nyuma ya nyumba. Simu zote pale zikalia pamoja. Fundi cherehani, mmoja wa marafiki hao, akafungua yake, sauti ya dereva ikasema: "Jamani, nimewakumbuka mno." Fundi akapaza sauti: "We mzee, si uje utuambie hapa!" Simu zikalia tena: "Nakuja. Msiondoke."