Mafunzo ya Mainjinia Yalivyoletwa Sirisia

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhandisi wa Wilaya pale Kitale alinipa buti za mpira akanipeleka Saboti, palipokuwa pakimwagwa zege la kalvati, mfereji wa kupitisha maji chini ya barabara. Alinionyesha jinsi ya kujaza zege bichi kwenye koni ya chuma, kuiondoa, kisha kupima limeshuka kiasi gani. Likishuka mno, lina maji mengi. Mengi niliyojua niliyapata hivyo, nikiwa nimesimama kwenye matope na mkubwa wangu kando.

Baadaye nilihamishiwa Bungoma, nikawa mhandisi wa miundo, yaani anayehakikisha jengo linabeba uzito wake. Ndipo sheria ikaja: kila mhandisi na msanifu majengo akusanye pointi za mafunzo kila mwaka, la sivyo leseni haitolewi upya. Mimi niliifurahia. Shida ni kwamba mafunzo yalifanyika Nairobi, hotelini.

Msanifu Wekesa, mwenzangu ofisini, alikuwa na mke aliyelazwa hospitali ya Lugulu na hakuweza kumwacha. Mwaka ulikuwa unaisha, pointi hazijatosha. Bila leseni, michoro yake ya madarasa isingepitishwa.

Nikaomba mafunzo yaletwe kwetu, kwenye daraja lililokuwa likijengwa Sirisia. Afisa wa mafunzo alipiga simu kutoka Nairobi akiuliza watu watakaa wapi. Nikamwambia hatutakaa sana, mchana tutakuwa tumesimama mtoni. Mkurugenzi wa Ujenzi, mkubwa wangu, naye aliingiwa na wasiwasi.

"Injinia Nafula, sasa wakikuja wakute ni matope tu?"

"Si ndiyo kazi yenyewe, bwana mkurugenzi. Waje."

Walikuja, wengine kutoka Kitale, ukumbi wa kanisa ukajaa. Asubuhi tulisoma kanuni mpya za nguzo. Mchana tukashuka mtoni kuzikagua nguzo zenyewe. Wekesa aliuliza maswali mpaka mkufunzi akaketi juu ya jiwe ili amjibu vizuri. Jioni yule afisa, suruali imejaa matope, akatangaza kwamba pointi zimekubaliwa, na kwamba mwakani tutakutana huku huku. Tulipiga makofi mpaka mafundi wa daraja wakaacha kazi kututazama. Wekesa alinishika mkono, akawahi hospitalini.

Leseni yake ilitoka. Madarasa yakajengwa, na mkewe akapona.

Sasa nimestaafu, sihitaji pointi, lakini bado nahudhuria. Mwaka jana mkufunzi alikuwa binti wa Bungoma, injinia kijana. Nilitoa hoja yangu, naye akanisahihisha kwa heshima mbele ya watu wote. Alikuwa sahihi. Nilirudi nyumbani nikitabasamu njia nzima.